Jiwe la Kariandusi linaweza kuwa kapasita?

*Kwetu Gilgil jiwe jeupe la Kariandusi ni jepesi kama mkate mkavu. Nikikata kipande nikakibandika foili pande mbili, si nimepata kapasita? (Mwanafunzi, kidato cha nne)*

Umeipata, mwanangu, ila ndogo mno. Kapasita ni kifaa kinachotunza chaji ya umeme kati ya bamba mbili, hapa foili zako. Jiwe hilo ni daiatomaiti, yaani magamba ya silika (dutu ya mchanga na kioo) ya mwani mdogo sana uliokufa ukalundikana chini ya ziwa la kale. Wahandisi hupima dutu kwa namba wanayoiita k, inayoonyesha mara ngapi dutu hiyo inaongeza chaji inayotunzwa kuliko ombwe: ombwe ni 1, hewa karibu 1, silika iliyoshikana karibu 4. Chukua kipande cha sentimita 1 ya mraba, unene milimita 1. Kingekuwa silika tupu isiyo na tundu, ungepata pikofaradi 3.5 (kipimo cha uwezo wa kutunza chaji). Chako kimejaa hewa, kwa hiyo ni chini ya hapo, na nyaya za mita yako peke yake zina zaidi. Bariamu titaneti, kauri ya kapasita yenye k ya 2,000, kwa kipimo hichohicho, ingekupa pikofaradi 1,770.

*Klabu yetu ya sayansi imejaribu jiwe hilo. Asubuhi mita ilisoma juu, saa nane mchana ikashuka. Mita ni mbovu? (Mwalimu wa fizikia, Nakuru)*

Mita ni nzima, mwalimu. Mlikuwa mnapima umande. Dondosheeni jiwe kavu tone la maji muone linavyotoweka kabla hamjahesabu mbili. K ya maji ni karibu 80, hivyo unyevu kidogo tu kwenye vitundu unapandisha kipimo. Isitoshe, maji hayo yameyeyusha chumvi, na chumvi inapitisha umeme: chaji mnayoiweka inavuja. Kikausheni kipande kwenye oveni, mkitoe na kukipaka nta kikiwa bado na moto, halafu mpime asubuhi na mchana.

*Mimi ni mfinyanzi, tanuri ninalo. Vitundu hivyo navizibaje? (Msomaji, Kisumu)*

Hapa ndipo kazi ilipo, maana jiwe likishaingia kinuni umbo lake la asili halina thamani tena. Unachonunua ni silika yake tu. Saga likiwa limelowa. Nasisitiza limelowa, kwa sababu vumbi la silika huharibu mapafu, na silika hii ikichomwa hugeuka kristobalaiti, aina ya fuwele ya silika ambayo ni hatari zaidi. Ukiichoma peke yake kupita nyuzi 1,000, kristobalaiti hiyo hujikunyata ghafla inapopoa kwenye nyuzi mia mbili na kitu, na kigae kinapasuka mbele ya macho yako. Ndiyo maana huchanganywa na udongo mweupe na madini ya feldspa: feldspa huyeyuka, inatiririka kwenye vitundu, inavijaza kioo. Utapata kauri ya jamii ya vikombe vya chai, k yake karibu 6. Inafaa kuhami nyaya. Kwa kapasita ni kidogo.

Ukitaka k kubwa lazima uingize titani. Rutaili, madini ya titani yaliyochimbwa Kwale hadi 2024, ina k inayokaribia 100 ikisafishwa. Lakini usidhani nusu rutaili na nusu silika itakupa 50. Silika ikizunguka chembe za rutaili hubeba sehemu kubwa ya volteji, na namba inaanguka vibaya. Angalia pia sodiamu: ioni zake hutembea ndani ya kioo, kauri inapata joto na umeme unapotea.

*Namba 104 kwenye kapasita ya kauri? (Fundi chipukizi, Tanga)*

10 ikifuatwa na sifuri 4, kwa pikofaradi: 100,000, yaani nanofaradi 100.

*Babu alisema Wajerumani walichimba ulanga Uluguru. Nao ni wa kapasita? (Msomaji, Morogoro)*

Babu yuko sahihi kuhusu uchimbaji. Ulanga, yaani madini ya maika, hutumika kuhami umeme, na ukawa kapasita nzuri sana za redio. Huo hauna vitundu: unaubandua kwa kisu karatasi kwa karatasi, k yake 6 au 7, na hauchomwi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulanga mzuri ulikuwa adimu, na kutafuta mbadala kulisaidia kuleta bariamu titaneti, iliyogunduliwa Marekani, Usovieti na Japani kila mmoja kivyake.

*Basi vitundu havina faida kabisa? (Yule yule wa Gilgil)*

Vinayo, pale usipotaka chaji itunzwe. Ndani ya chipu nyaya zimebanana mno, na kila jozi ni kapasita isiyotakiwa inayochelewesha mawimbi. Watengenezaji huweka kati yao silika yenye kaboni, na nyingine hutobolewa makusudi vitundu vya nanomita ili k ishuke chini ya 3. Hayo hayatoki Kariandusi, hutengenezwa kiwandani kwa gesi. Kipande chako mpe yule mfinyanzi wa Kisumu: matofali ya daiatomaiti huzuia joto vizuri sana, ayapange nje ya tanuri lake.