Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Mazingira Mkoani Kilimanjaro

Kila mwaka Moshi hupokea vijana waliomaliza masomo ya mazingira, maji, kilimo au maendeleo ya jamii. Wengine huja kwa mafunzo kwa vitendo, wengine wameajiriwa na halmashauri, mashirika yasiyo ya kiserikali, hoteli, viwanda au vyama vya ushirika. Nimefanya kazi na wengi wao, na kwa wale wanaofika sasa ningependa kuandika machache ambayo darasani huguswa kwa haraka mno. Karibu yote yanatoka katika swali moja ambalo ningewaomba mliulize kila mnapoonyeshwa mradi, uwe wa zamani au mpya: kitu hiki kinatunzwa na nani, na kikiharibika atakayegharamia matengenezo ni nani?

Anzeni na mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji. Miteremko ya Mlima Kilimanjaro imejaa mifereji ambayo Wachagga walianza kuichimba kabla ya ukoloni, ikichepusha maji ya mito ya juu na kuyapeleka kwenye vihamba, ambako migomba, kahawa, magimbi, viazi vikuu na miti ya kivuli huishi katika shamba moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani. Wageni wengi hufika, hupiga picha ya maji yanayopita chini ya migomba, kisha huondoka. Ningewashauri mpande hadi kwenye banio, pale maji ya mto yanapozuiwa ili yaingie mferejini, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, mkiwa mmevaa viatu vinavyostahimili matope, na mshike jembe.

Banio la asili hujengwa kwa mawe, matawi, udongo na majani makavu ya mgomba yanayoshindiliwa kwenye mianya. Mto ukifurika, huondoka lote. Wahandisi vijana hulitazama wakatikisa kichwa, na wana haki kwa upande mmoja, kwa kuwa maji mengi hupotea kwa kuvuja pale na njiani kabla hayajafika shambani. Hata hivyo angalieni kinachofuata baada ya mafuriko. Kamati ya mfongo inaita watu, kila kaya inatoa mtu mmoja mwenye panga au jembe, asiyefika anaandikwa na baadaye anatozwa faini, na banio linasimama tena upesi kwa sababu vifaa vyote viko palepale kando ya mto na hakuna asiyeijua kazi. Sasa lilinganisheni na banio la zege lenye mlango wa chuma. Ni bora kwa kuzuia upotevu, nami siwezi kulikataa, lakini siku mlango huo utakaposhika kutu na kugoma kufunguka, mchomeleaji atatoka mjini, na fedha yake itatoka wapi kama kamati ilizoea kuchangishana nguvu badala ya shilingi? Swali hilo liulizwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kupandishwa mlimani. Nimeona mabanio ya zege yaliyopitwa pembeni na mfereji mpya wa udongo, na wanakijiji wakieleza kwa upole kabisa kwamba lile la wafadhili lilikufa.

Kisha shukeni tambarare, maana maji ya mlimani hayaishii mlimani. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980 na kutegemea maji ya Rau na Njoro, ilileta mavuno makubwa ya mpunga, na mafanikio hayo yenyewe yakazaa tatizo: wakulima walio juu ya skimu walipoona faida, nao wakafungua majaruba, wakachota maji ya mto uleule, na eneo ambalo skimu iliweza kulimwagilia likapungua. Hakuna aliyeiba kitu katika simulizi hii. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa upande wake, ila waliopanga walikuwa wameuhesabu mradi wao na kumsahau jirani. Mbele zaidi maji hayo hukusanyika katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendelea na Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani mkoani Tanga. Ndiyo maana kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali cha kutumia maji na kuzipa nafasi jumuiya za watumia maji. Kijana anayeanza kazi ya kikanda asome ramani ya bonde zima kwanza, ndipo asome andiko la mradi wake.

Kuhusu vyanzo vya maji, mtakutana mapema na sharti la mita 60 lililomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, linalokataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye madhara ndani ya umbali huo kutoka kwenye chanzo. Sharti hilo ni la lazima, lakini mkoa wetu una watu wengi na ardhi finyu, hivyo kuna familia ambazo kihamba chao chote, pamoja na makaburi ya wazee wao, kiko ndani ya umbali huo. Afisa anayefika na utepe wa kupimia na kitabu cha faini atasalimiwa vizuri na hatasikilizwa. Aliyefika akiwa na mwenyekiti wa kitongoji, akazungumza kwanza kuhusu kung'oa mikaratusi na kuacha mikuyu na mringaringa, kisha kuhusu kuhamisha zizi la ng'ombe mbali kidogo na chemchemi, atapata pa kuanzia. Jihadharini pia na masale yanayoonekana kama maua ya mapambo kwenye kingo za mashamba: hayo ni mipaka, na kuyang'oa ili kupata nafasi ya miche ya mradi kunaweza kuzua ugomvi utakaodumu kuliko miche yenyewe.

Jambo la jikoni linahitaji muda zaidi, kwa sababu ndiko wengi wenu mtakapotumwa. Serikali imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo shule, vyuo, magereza na hospitali zinabadilisha majiko. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kufanya kikao na mkuu wa taasisi, mhasibu na muuzaji wa majiko, huku mpishi akiwa nje anasonga ugali. Mpishi ndiye anayejua kwamba sufuria lao la ugali halikai sawa juu ya jiko jipya, kwamba ugali wa watu wengi husongwa kwa mwiko mrefu na mtu aliyesimama imara, na kwamba jiko likiwa juu mno au likitikisika atarudi kwenye mafiga kesho yake. Ndiye anayejua kwamba makande ndiyo yanayomaliza nishati, kwa kuwa mahindi na maharage makavu huchukua saa nyingi motoni.

Hapo kuna akiba ambayo haihitaji mfadhili. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na sufuria lililofunikwa hupoteza joto kidogo. Lakini kuloweka kunahitaji mtu afike stoo jioni, stoo ina funguo, na mtunza stoo huondoka saa kumi. Mkitatua suala la funguo mtakuwa mmeokoa gesi nyingi, japokuwa halitaonekana vizuri kwenye picha ya taarifa.

Bayogesi nayo ina historia ndefu hapa. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, kimekuwa kikieneza mitambo hiyo tangu miaka ya 1980, na Kilimanjaro, ambako ng'ombe hufugwa bandani na kuletewa majani, ni mahali panapoifaa sana kwa sababu kinyesi hukusanyika sehemu moja. Mtambo huhitaji kulishwa kila siku kwa kinyesi kilichochanganywa na maji, kwa kawaida kiasi sawa kwa sawa. Sasa muulizeni mwenye nyumba maji hayo huchotwa na nani na kutoka umbali gani. Muulizeni pia ng'ombe ni wangapi na kama kuna anayetarajiwa kuuzwa familia ikipata ugonjwa au harusi. Mitambo mingi iliyosimama ilijengwa vizuri kabisa, ila ng'ombe waliuzwa, au kijana aliyekuwa akikoroga alikwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mahali mtambo unapoendelea, mara nyingi mtamkuta mama anayeithamini mbolea ya maji inayotoka humo kuliko gesi, kwa kuwa migomba yake inaonyesha tofauti.

Walioajiriwa kwenye hoteli, viwanda na ofisi wasidhani kazi yao ni nyepesi. Kabla ya kubandika vipeperushi vya kuhimiza watu kuzima taa, someni mita. Soma mita ya maji jioni watu wanapoondoka, uisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua bomba. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni tangi la choo ambalo kila mtu amezoea kulisikia likilia. Fanyeni vivyo hivyo na uniti za umeme wa LUKU mwisho wa wiki. Takwimu ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari, humfanya meneja asikilize kuliko hotuba ya mabadiliko ya tabianchi.

Kwa upande wa taka, mji wa Moshi unasifika kwa usafi, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo msingi upo. Hata hivyo mapipa matatu ya rangi tatu hayana maana ikiwa gari moja litakuja kuyachanganya. Tafuteni kwanza wapokeaji: mfugaji wa nguruwe anayechukua mabaki ya chakula, mnunuzi wa chupa anayezipima kwa kilo, mkulima wa mboga anayetaka mboji. Idadi ya mapipa itatokana na idadi ya wapokeaji hao. Waulizeni pia wanaofanya usafi, ambao huijua taka ya ofisi yenu kuliko mnavyofikiri. Jambo la ajabu ni jinsi wanavyoalikwa mara chache kwenye mafunzo yanayowahusu wao.

Suala la kupanda miti nitaligusia kwa kifupi. Sherehe ya Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni huangukia wakati masika yanapomalizika, hivyo mche uliopandwa siku hiyo bila mtu wa kuumwagilia una nafasi ndogo ya kuiona Desemba. Pandeni mapema, mvua zikiwa bado changa, na mkiandika taarifa hesabuni miti iliyo hai baada ya kiangazi.

Katika vijiji, fuateni ngazi. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti waonwe kwanza, halmashauri ya kijiji ijadili, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, ndio uamue mambo ya ardhi na sheria ndogo. Ratiba ya mradi iliyoandikwa bila kujali miezi hiyo mitatu itachelewa tu. Amkieni wazee kwa shikamoo hata kama mna vyeo, na mzee akianza kueleza historia ya mfongo tangu babu yake, msimkatize ili mrudi kwenye dodoso. Majina ya koo anazozitaja ndiyo yatakayowaambia nani ana sauti juu ya maji.

Muda wenu ukikaribia kwisha, andaeni makabidhiano miezi kadhaa kabla. Acheni kwa kamati daftari lenye jina na namba ya simu ya fundi wa karibu, aina ya vipuri na duka vinakopatikana mjini, kiasi kilichomo kwenye akaunti ya kikundi na majina ya wenye saini. Kisha ombeni kamati ifanye tengenezo moja yenyewe, iwe kubadilisha valvu au kuzibua bomba, ninyi mkiwa mmekaa pembeni bila kugusa spana.