Maswali yenu: Mwaka wa urithi na ukuta wa nyumbani

Mwaka huu ni mwaka wa urithi gani?

Kila Januari naulizwa hili, kana kwamba kuna zamu. Hakuna. Umoja wa Mataifa uliutenga 2002 kuwa Mwaka wa Urithi wa Utamaduni, Ulaya ikafanya wake 2018, Umoja wa Afrika 2021. Unaoendelea sasa ni Muongo wa Lugha za Asili, 2022 hadi 2032. Basi mnaokwenda likizo Makunduchi, zungumzeni na bibi zenu kwa Kimakunduchi chao, msiwasahihishe.

Kwa nini Siku ya Kiswahili ni 7 Julai?

Tarehe hiyo mwaka 1954 TANU ilikifanya Kiswahili lugha ya kupigania uhuru.

Nyumba ya babu yetu Mji Mkongwe inabanduka lipu, fundi anataka kupiga saruji. Mwaka wa urithi huleta fedha za matengenezo?

Hauleti. Huleta tamko, nembo na makongamano. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Siku saba baadaye ukaanza mwaka wa Afrika wa sanaa, utamaduni na urithi, na kifusi kikiwa bado pale pale Forodhani. Mimi jambo lile halijanitoka moyoni.

Huyo fundi mzuieni leo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuvika saruji, maji hayana pa kutokea, chumvi hujikusanya ndani, na baada ya misimu michache saruji hubanduka na vipande vya jiwe mgongoni. Ncha za boriti zilizozama ukutani nazo zinaoza kimyakimya, hamzioni mpaka dari ilegee. Pigeni chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Kabla ya hapo pandeni juu, zibeni bati linalovuja na mzibue mlizamu. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiombeni kabla ya kushika patasi.

Mji ukishaingia orodha ya UNESCO si uko salama?

La. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia 1981, na 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Yalitolewa humo 2014, baada ya miaka ya kuzitengeneza kuta na kupambana na bahari iliyokuwa ikimega ufukwe.

Shuleni tufanye nini siku ya urithi?

Kuwavika watoto kanga na kuwapiga picha hakutoshi. Wapelekeni kwa fundi wa milango ya nakshi, wakae naye asubuhi nzima, na kila mmoja apewe kipande cha mbao achonge.