Usimuulize amekuwa wa ngapi

Mwaka 2012 nilianza kidato cha kwanza kwenye shule moja ya kata huku Mbagala. Wiki ya tatu nikavishwa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao ya sanduku, kimetobolewa matundu mawili, kamba ya katani ikapitishwa, kinakwaruza shingo. Kosa langu ni kumwomba mwenzangu rula kwa Kiswahili, wakati shuleni ilitakiwa Kiingereza tu. Utaratibu ni kwamba unakaa nacho mpaka umnase mwingine anayeongea Kiswahili, umvishe yeye. Basi mapumziko yote nilikuwa nanyata nyuma ya vyoo, nimetega masikio. Nikamnasa rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Alikivaa kimya, na hatukusemeshana tena mpaka tunamaliza kidato cha nne.

Toka hapo nikawa bubu darasani. Miaka saba tumesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, halafu Januari moja karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Tukiulizwa kama tumeelewa, tunaitikia kwa pamoja. Unanakili ubaoni, unakariri, unaandika mtihani. Muhula ule nilishika nafasi ya sita, na usanisinuru sikujua ni kitu gani.

Lakini shule hiyohiyo ndiyo iliyomtoa mama yangu kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mama anauza vitumbua. Alikuwa amekopa 200,000, anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, na kwake hiyo ilikuwa elfu kumi tu. Mimi nipo kidato cha pili, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akituacha tubishane kwanza kwa Kiswahili, ndipo tuandike kwa Kiingereza. Jioni moja nikachukua daftari la marejesho nikamwonyesha mama: jumla 260,000. Riba asilimia 30, na mwezi haujaisha. Akaacha kugeuza vitumbua. "Rudia, mwanangu, polepole." Alipomaliza deni lile hakukopa tena huko, akaingia kikoba cha kina mama wa mtaani.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu mwenye mtoto kidato cha kwanza, akirudi jioni usianze na nafasi aliyoshika. Mwambie akufundishe alichosoma leo, kwa Kiswahili, hata kama wewe uliishia la saba. Akikwama usimfokee. Pale alipokwama ndipo pa kumpeleka kwa mwalimu kesho yake, na swali lake mkononi.

Viboko navyo vina kanuni, tangu 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kwenye kitabu. Mwanao akirudi na alama mgongoni, nenda shuleni, salimia vizuri, omba kuonyeshwa kitabu hicho. (Kwangu mimi hata vinne ni vingi.) Na binti aliyeacha shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi. Mpeleke.

Kama shuleni kwao bado kuna kibao, ongea na mwalimu wa darasa. Halafu muulize mwanao kama naye amewahi kumvisha mwenzake. Akisema ndiyo, usimchape. Mshike mkono, mwende hadi kwa huyo mwenzake, amwombe radhi wangali watoto. Mimi hakuna aliyenipeleka.