Bonneville ya 1970: anza na namba, rangi baadaye

Ndugu, umeuliza utajuaje kama ile pikipiki ya Triumph Bonneville ya 1970 iliyokarabatiwa ni halisi, maana inang'aa kama mpya. Rangi isikuteke. Piga magoti upande wa kushoto, utazame namba ya injini chini ya silinda. Mwaka huo kiwanda kiligonga namba juu ya nembo ndogo ndogo za Triumph zilizotokeza. Ukikuta pale pamelainika, ujue tupa imepita, namba ya awali imefutwa. Kisha ilinganishe na namba ya kwenye shingo ya fremu, pale mbele panaposhika usukani, lazima zifanane. Kabureta ziwe mbili, aina ya Amal Concentric. Kiti na ekzosi sihangaiki navyo, huchakaa na kubadilishwa. Injini isiyo yake ndiyo inayoniuma. Mwombe muuzaji picha za kabla ya ukarabati.