Medali za keya mnadani: soma ukingo kabla ya kuweka dau

Wewe unayeanza kukusanya vitu vya vita vikuu, chagua eneo moja. Ukiingia kwenye minada ya mtandaoni ukitamani kofia za chuma, visu, beji na barua kwa mpigo, pesa zitakwisha kabla macho hayajazoea. Mimi nimejikita kwenye medali za Waingereza walizopewa askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kwa sababu zinasomeka.

Chukua British War Medal, ile ya fedha ya vita vya 1914-1918. Kwenye ukingo wake zimepigwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Victory Medal, ya shaba yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya ukingo kwanza, mzunguko mzima, mwanga ukipiga kwa ubavu. Akikutumia picha sita za utepe na sura ya mfalme lakini ukingo hauonekani popote, achana naye. Ukishaupata, ishike namba kuliko jina: makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, na akina Juma na Ali walikuwa wengi.

Kuna wajanja wanaofuta kwa tupa jina lisilo na soko, kisha wanaandika la kikosi kinachogombaniwa. Lakini tupa hula fedha. British War Medal ina kipenyo cha milimita 36. Ipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, sehemu tatu au nne, na ikiwa pungufu mahali, jiulize kilichopungua kimekwenda wapi. Tazama pia kama ukingo unang'aa ilhali nyuso zote mbili zimefifia. Herufi za asili zilipigwa kwa chapa, kina chake kinalingana. Za mkono hupanda na kushuka.

Vita vya pili ni habari nyingine kabisa. Uingereza haikuandika majina kwenye nyota, medali zenye umbo la nyota, ilizowapa askari wake wa 1939-1945, tofauti na Afrika Kusini na India. Keya walikwenda Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikasonga kupitia bonde la Kabaw mwaka 1944, lakini Burma Star ya askari wa Machakos haina tofauti na ya mtu wa Manchester. Ukikuta tangazo la "Burma Star ya askari wa Kenya", ulizia kitabu cha utumishi au karatasi yoyote ya wakati ule. Kama hakuna, lipa bei ya nyota tupu. Hadithi aibakize muuzaji mwenyewe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi hulia. Bei inayogongewa nyundo siyo utakayolipa. Tuseme umeshinda kwa pauni 100 kwenye nyumba ya mnada ya Uingereza inayotoza kamisheni ya asilimia 25. Hizo ni pauni 125. Kodi ya VAT ya asilimia 20 juu ya kamisheni inaongeza pauni 5. Bado posta, bado bima, bado forodha ya kwenu. Piga hesabu hiyo yote kwanza, uandike kikomo chako, ndipo uweke dau. Kwenye eBay mnada hufungwa kwa saa iliyopangwa, hivyo wazoefu hujificha na kuweka dau moja sekunde za mwisho. Ujanja huo haufui dafu kwenye nyumba zinazoongeza muda kila dau jipya likiingia.

Kuna kishawishi kimoja nikuonye: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo. Nzuri mno, na bandia zake zimejaa tele. Kama haijakaguliwa na wataalamu wa sarafu, itazame tu.

Medali ikifika, pima na kupiga picha siku hiyo hiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita. Usiisugue kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia chuma. Weusi ule uliokaa miaka mia ndio mnunuzi makini anaoutafuta, na herufi zikishalika kwa kusuguliwa hazirudi. Utepe wa asili, hata ukiwa umechakaa, uache ulivyo.