Simu inapata Wi-Fi, king'amuzi hakipati: jua kwanza kimekwama hatua ipi

Swali lililoulizwa ni hili: simu zote zinapata intaneti pale pale sebuleni, lakini king'amuzi kikiunganishwa na Wi-Fi hiyo hiyo, ama hakioni jina la mtandao, ama kinaliona na kugoma, ama kinasema kimeunganishwa huku hakuna kinachofunguka. Ushauri uliotolewa ni kukirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Naomba usianze na hilo. Utafuta chaneli zote ulizozipanga, utasaka upya, na ukimaliza utakuta tatizo liko pale pale, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni mpangilio wa ruta.

Kuungana na Wi-Fi kuna hatua nne: king'amuzi kione jina la mtandao, kikubaliwe kwa nenosiri, kipewe anwani na ruta, kisha kifike intaneti. Anayejua amekwama hatua ipi anagusa kitu kimoja tu na kumaliza kazi. Asiyejua anabonyeza kila kitu na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kabla ya yote, hakikisha kifaa chako kina Wi-Fi kweli. Tundu la USB si ushahidi. Ving'amuzi vingi vina USB ya kuchezea video kutoka kwenye flashi au kurekodi vipindi tu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mtandao. Ukiona kebo na Wi-Fi zote mbili, vizuri. Ukiona kebo tu, kina tundu la RJ45 (la kebo ya mtandao) bila redio ya Wi-Fi, na pengine kinakubali adapta ya Wi-Fi ya USB.

Hapo kwenye adapta ndipo watu wanapopoteza pesa. Kinachohesabika ni chipu iliyo ndani, wala si jina lililoandikwa juu ya boksi. Kompyuta unaweza kuiwekea programu ya kuendesha adapta yoyote, ila king'amuzi kina programu za chipu chache tu zilizowekwa tangu kiwandani. Ving'amuzi vya satelaiti vya kawaida mara nyingi vinazijua RT5370 na MT7601, lakini soma kitabu cha kifaa chako kabla ya kununua. Dalili ya chipu isiyokubalika ni rahisi kuitambua: taa ya adapta inawaka maana umeme unafika, lakini kwenye menyu Wi-Fi haitokei kabisa. Hakuna mpangilio utakaoibadilisha hali hiyo, badilisha adapta.

Angalia na umeme pia. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500. Ukichomeka diski ya nje na adapta kwa pamoja kwenye king'amuzi kidogo, Wi-Fi inaweza kukatika kila diski inapoanza kuzunguka. Diski ya namna hiyo ipe umeme wake yenyewe. Na kama kuna tundu la USB 3.0 lenye diski, usichomeke adapta ya 2.4 GHz jirani yake, kwa sababu USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Kebo fupi ya kurefusha USB, hata ya nusu mita, inaitoa adapta nyuma ya kifaa na kuiweka mahali pa wazi. Ni kitu kidogo lakini kinasaidia kuliko antena kubwa.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana kinagawa tatizo katikati. Chukua simu, washa hotspoti, chagua masafa ya 2.4 GHz, ipe jina fupi la herufi za kawaida na nenosiri la herufi ndogo na tarakimu tu. Kwenye iPhone masafa hayo hupatikana kwa kuwasha chaguo la kuongeza upatanifu ndani ya ukurasa wa hotspoti. Iweke simu mita moja kutoka kwenye king'amuzi, kisha uunganishe. Kikiungana na kufungua video, king'amuzi ni kizima na shida iko kwenye ruta au kwenye umbali. Kisipoungana, usihangaike na ruta.

Twende kwenye hatua ya kwanza, jina halionekani. Sababu kubwa ni masafa. Ving'amuzi vingi vya bei ya chini vina redio ya 2.4 GHz peke yake, wakati simu yako inatumia 5 GHz bila kukuambia. Ndiyo maana simu kupata intaneti si ushahidi wa chochote kuhusu king'amuzi: ni redio mbili tofauti. Ingia kwenye ruta, hakikisha 2.4 GHz imewashwa, na kama masafa yote mawili yana jina moja, yatenganishe kwa majina mawili ili ujue unaunganisha nini. Chaneli ya Wi-Fi kwenye ruta (si ya televisheni) iweke 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Ruta ikiachwa ichague yenyewe inaweza kuangukia chaneli ya 12 au 13, na kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa masoko ambako hizo hazitumiki, basi havizioni kabisa. Kwa king'amuzi chenye 5 GHz tumia chaneli ya 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ni masafa yanayoshirikiana na rada: ruta inalazimika kusikiliza kwanza na kuhama ikihisi rada, na vifaa vingi vya televisheni haviyagusi. Ruta za Wi-Fi 6 nazo zina lao. Vifaa vya zamani wakati mwingine havisomi tangazo lake, na kuizima hali ya ax (ndiyo Wi-Fi 6) kwenye 2.4 GHz huvirudisha.

Hatua ya pili, jina linaonekana lakini nenosiri linakataliwa. Anza na uandishi wenyewe. Kuandika kwa rimoti kwenye kibodi ya skrini kunakosesha hata walio makini: herufi kubwa inabaki imewashwa baada ya herufi moja, au kitufe cha SAWA kikibonyezwa kwa nguvu kinaandika mara mbili, na nukta zinaficha kosa. Kama kuna kisanduku cha kuonyesha nenosiri, kiweke alama kwanza. Tofautisha O na 0, I kubwa na l ndogo. Nenosiri la WPA2 (aina ya usalama wa Wi-Fi) lina herufi 8 hadi 63, na nafasi iliyojificha mwishoni inahesabiwa kama herufi. Ukiwa na alama kama # au & na kibodi ya king'amuzi haina, badilisha nenosiri la ruta kwa refu la herufi na tarakimu. Urefu ndio ulinzi.

Uandishi ukiwa sahihi na bado kinakataa, tazama aina ya usalama. Ruta iliyowekwa WPA3 pekee, yaani usalama mpya zaidi ya WPA2, itakifungia nje king'amuzi cha zamani, na king'amuzi kitakwambia nenosiri si sahihi ingawa ni sahihi kabisa. Weka WPA2 yenye AES (njia ya kuficha data). Ile hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 inafaa kwa wengi, ila vipo vifaa vinavyoikwaa, hivyo ijaribu uone. Usirudi kwenye TKIP, njia ya zamani kabla ya AES, ukidhani unasaidia: kwa TKIP kasi ya Wi-Fi ya kiwango cha n inashuka hadi 54 Mbps, tena usalama wake umepitwa na wakati. Wala usiuache mtandao wazi ili televisheni ifanye kazi.

Njia ya kitufe cha WPS, ya kuungana bila kuandika nenosiri, inaokoa uchungu wa rimoti: anzisha kwenye king'amuzi, bonyeza kitufe kwenye ruta ndani ya dakika mbili. Haifanyi kazi chini ya WPA3. Ile ya kutumia namba ya PIN izime moja kwa moja kwenye ruta, maana tangu 2011 inajulikana kwamba inavunjika kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu ni anwani. Fungua ukurasa wa hali ya mtandao kwenye king'amuzi usome anwani ya IP. Ikianza na 169.254, au ikiwa 0.0.0.0, king'amuzi kimeingia lakini ruta haikukipa anwani. Huenda akiba ya anwani imeisha, hasa ruta ikiwa imewekewa nafasi chache na nyumba ina simu, kamera na kompyuta nyingi. Panua akiba hiyo kwenye ruta, kisha izime na kuiwasha. Angalia pia kwenye ruta orodha ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) zinazoruhusiwa, kama kuna mtu aliwahi kuiwasha akasahau. Kuandika anwani kwa mkono kwenye king'amuzi sikupendekezi: leo kinafanya kazi, kesho ruta inampa mwingine anwani hiyo hiyo na vyote viwili vinakatika. Ukitaka anwani isiyobadilika, itenge kwenye ruta kwa MAC ya king'amuzi.

Hatua ya nne ndiyo yenye mafumbo: kimeunganishwa, kina anwani nzuri kama 192.168.1.24, lakini hakuna programu inayofunguka. Kabla ya kugusa chochote, tazama tarehe na saa. Huduma za video hukaguliwa kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. King'amuzi kinachodhani ni mwaka 1970 kinaviona vyeti vyote kuwa batili na kinakataa kila tovuti. Ving'amuzi vingi huchukua saa kutoka kwenye mawimbi ya dishi au antena, kwa hiyo aliyechomoa dishi ili atumie intaneti tu ndiye anayekutwa na hili. Weka saa kwa mkono, au chagua saa ya mtandao kama chaguo hilo lipo, na usisahau majira ya ukanda wako.

Saa ikiwa sawa, jaribu kuweka DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Zikishindwa, fikiria umri wa programu ya kifaa. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti cha msingi kinachoitwa DST Root CA X3, na vifaa vingi vya zamani visivyosasishwa vikapoteza uwezo wa kufungua tovuti zilizokitegemea, wakati intaneti ya nyumba ilikuwa salama salimini. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji sasisho kutoka kwa mtengenezaji, na kama hatoi tena, programu zake za video ndizo zilizokwisha. Matangazo ya kawaida ya dishi yataendelea.

Wi-Fi za hoteli na hosteli zinazokutaka ujaze ukurasa kabla ya kuingia hazitakubali king'amuzi kisicho na kivinjari. Pita kwenye hotspoti ya simu. Na kama lengo ni kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga, vyote viwili viwe kwenye mtandao mmoja usio wa wageni, kwa kuwa mtandao wa wageni huwa unazuia vifaa visionane.

Imeungana lakini picha inakwama kila baada ya dakika? Hilo ni suala la nguvu ya mawimbi. Weka simu ya Android yenye programu ya kupima Wi-Fi mahali hasa king'amuzi kilipo, si kwenye kochi. Kati ya -50 na -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, karibu na sifuri ndiyo nzuri) uko vizuri. Ikifika -75 utaona kukwama, na -80 si ya kutazamia video. King'amuzi kilichobanwa nyuma ya runinga kinafunikwa na bati la mgongo wa runinga, basi kisogeze pembeni na upime tena. Kwa kasi, picha ya HD ya 1080p inataka takriban 5 Mbps zinazofika kwenye king'amuzi chenyewe, 4K inataka 15 na zaidi. Kwa anayetumia bando la kuhesabiwa, HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na 4K hadi GB 7, kwa hiyo shusha ubora ndani ya programu kabla bando halijakwisha usiku mmoja.

Na kama kebo inawezekana, vuta kebo. Kebo ya mtandao ya Cat5e inafika mita 100 bila shida, na tundu la king'amuzi la 100 Mbps linatosha 4K na chenji inabaki. Ukuta ukikataa kutobolewa, kiongeza mawimbi chenye tundu la RJ45 kiwekwe karibu na runinga, kipokee kwa 5 GHz, kisha kebo fupi iingie kwenye king'amuzi. Njia hii inafaa hata kwa king'amuzi kisicho na Wi-Fi, bila kutafuta adapta.

Umeme ukikatika na kurudi, king'amuzi mara nyingi huwaka kabla ya ruta kuwa tayari, kinajaribu, kinakata tamaa na kubaki bila mtandao. Subiri ruta dakika mbili, kisha kizime na kukiwasha. Usifute mtandao uliokwisha kuhifadhiwa.

Jambo jingine linaloulizwa sana: Wi-Fi haifungui chaneli za kulipia. Inaleta programu za video, sasisho, na pengine ratiba ya vipindi. Kifurushi bado ni kadi na malipo.

Ukikwama bado, andika hapa modeli ya king'amuzi na ya ruta, matokeo ya kipimo cha hotspoti, anwani ya IP inayoonekana, tarehe inayosoma kwenye skrini, na maneno kamili ya ujumbe wa kosa. Nenosiri na MAC usiziweke.