Maswali ya Wasomaji: Mkaa wangu unajulikana mbali, majirani hawanioni

SWALI: Mhariri, ninatengeneza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi hapa Tanga. Nina wafuasi wengi Instagram, lakini wanaonipigia simu wako Dar es Salaam na Arusha, na nauli ya mzigo inakula faida yote. Nifanyeje ili shule na mama lishe wa mjini kwetu wanipate? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mpishi wa shule aliyeishiwa mkaa hufungua Google au ramani ya simu yake na kuandika "mkaa mbadala Tanga", na hapo ndipo unapokosekana. Fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google (Google Business Profile), yaani ukurasa wa bure unaoionyesha biashara yako mtu anapotafuta kwenye Google au ramani yake. Google hupanga matokeo ya karibu kwa kuangalia mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake, na inavyojulikana. Umbali huna namna ya kuubadilisha, basi shughulika na hayo mengine mawili.

Katika maelezo, usitosheke na kuandika "bidhaa rafiki kwa mazingira", kwa sababu mwenye sufuria jikoni hatafuti maneno hayo. Taja vifuu vya nazi, uzito wa mfuko, bei, na muda ambao mkaa wako huivisha maharage. Kwa kuwa mkaa mbadala uliopo sokoni mwingine hutokana na makaa ya mawe, weka picha za vifuu vyenyewe, za mashine yako na za mkaa ukiwa unawaka, ili mnunuzi aone tofauti kabla hajapiga simu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na wapishi wa taasisi wanatafuta njia nyingine badala ya kuni. Ni haki yao kupata maelezo ya kweli, kwa hiyo usiandike "hauna moshi" kama unao.

Jina la biashara liwe lile lile lililo kwenye kibao chako. Kulirundikia maneno ya kutafutwa ni kinyume cha kanuni, na wasifu unaweza kufungiwa. Ikiwa unazalishia nyumbani na kupeleka mzigo kwa wateja, ficha anwani na utaje maeneo unayoyahudumia, kama Ngamiani au Chumbageni.

Kila anayenunua mwombe aandike maoni, lakini usimpunguzie bei kwa ajili hiyo, kwani Google imekataza. Yajibu yote, hasa ya anayelalamika kwamba mkaa ulimfikia ukiwa na unyevu: mweleze hadharani utakavyombadilishia mfuko, maana mkuu wa shule anayefikiria kuagiza magunia atasoma jibu hilo kwanza.